Mtoto wa Kampala na kiti cha Albany

Tangu Zohran Mamdani ashinde umeya wa jiji la New York mnamo Novemba 2025, Waswahili mtandaoni wamempongeza sana kama "mtoto wa kwetu". Kuzaliwa kwake Kampala mwaka 1991 kumesemwa hadi kukachosha. Kinachosemwa kwa nadra ni miaka mitano aliyokuwa mbunge wa jimbo la New York, kule Albany, makao makuu ya jimbo, na mchujo wa Juni 2020, yaani uchaguzi wa ndani wa chama chake cha Democratic, uliomfikisha huko. Kwa maoni yangu huko ndiko anakopimika vizuri, na ndugu zetu wanaopiga kura Marekani wana mengi ya kujifunza hapo kuhusu kumpima mgombea yeyote wa jimbo.

Suala la mahali pa kuzaliwa tulimalize mapema. Mpinzani wake mwaka 2020, Aravella Simotas, aliyekuwa amekalia kiti hicho cha mtaa wa Astoria, wilaya ya Queens jijini New York, tangu 2011, alizaliwa Ndola, Zambia, kwa wazazi Wagiriki. Wagombea wawili wakubwa wa eneo bunge namba 36 walikuwa wazaliwa wa Afrika, kwa hiyo Afrika haikuamua lolote.

Kilichoamua ni kazi. Mamdani aliondoka Uganda akiwa na miaka mitano, akapita Cape Town, akafika New York akiwa na saba. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, ni miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kurejea Kampala. Hayo yanaeleza siasa za nyumbani kwao. Ila kabla ya kugombea, mwana alikuwa mshauri wa wenye nyumba wa kipato cha chini huko Queens waliokuwa hatarini kunyang'anywa nyumba na benki. Kazi hiyo ni ya makaratasi: unakusanya hati za mishahara na taarifa za benki, unaandaa maombi ya kubadilishiwa masharti ya mkopo, unafuatilia kabla nyumba haijapigwa mnada. Anayeifanya huona haraka kwamba juhudi za mshauri zina mwisho, na baada ya hapo ni sheria tu inayoweza kusaidia. Pia alikuwa amefanya kampeni za watu wengine zilizoshindwa: ya Khader El-Yateem, Brooklyn, mwaka 2017, na ya Ross Barkan mwaka 2018. Mwaka huo huo wa 2018 ndipo alipopata uraia wa Marekani. Katiba ya New York inamtaka mgombea ubunge awe raia, awe ameishi jimboni miaka mitano na katika eneo bunge lake miezi 12.

Kuingia kwenye karatasi ya kura nako ni kazi. Mgombea wa Bunge la Jimbo huhitaji saini 500 za wanachama wa chama chake waliojiandikisha ndani ya eneo hilo. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, gavana alipunguza kiwango hadi asilimia 30, yaani saini 150. Wagombea wapya huangukia hapa: saini ya mtu anayeishi mtaa wa pili nje ya mpaka haihesabiki, ya asiye mwanachama haihesabiki, na aliyekwisha kumsainia mgombea mwingine wa kiti hicho hicho saini yake ya pili hutupwa. Ndiyo maana wenye uzoefu hukusanya nyingi kupita kiwango, wakijua mpinzani atazipekua moja moja.

Mchujo ulifanyika tarehe 23 Juni 2020, na mshindi alijulikana karibu mwezi mzima baadaye. Tofauti ilikuwa kura 423. Safari hii kura za posta zilikuwa nyingi mno, na kura ya posta ina mitego yake. Karatasi huingia kwenye bahasha ya ndani, ambayo mpiga kura huifunga, kuisaini na kuandika tarehe, kisha hiyo huingia kwenye bahasha ya nje. Wakati ule ukisahau saini, kura ilikuwa imekufa. Mwaka ule lilizuka tatizo jingine: bahasha za kurudishia zilikuwa zimelipiwa kabla, na bahasha za aina hiyo mara nyingi posta haizigongi muhuri wa tarehe. Bila muhuri, maafisa hawana uthibitisho kwamba kura ilitumwa kwa wakati. Mwezi Agosti jaji wa shirikisho aliamuru zile zilizopokelewa hadi siku iliyofuata uchaguzi zihesabiwe hata bila muhuri. Astoria ilikuwa imeshamalizana wakati huo, Simotas akiwa amekubali kushindwa.

Sasa, kiti chenyewe kina nguvu gani? Bunge la Jimbo lina wabunge 150, na Seneti wajumbe 63. Mambo mazito mengi hupitishwa ndani ya bajeti, ambayo huanza tarehe 1 Aprili na hujadiliwa na gavana pamoja na viongozi wa mabunge mawili. Wapinzani wa Mamdani walimhesabia miswada mitatu tu iliyokuwa sheria. Kipimo hicho hakitoshi, maana mambo yaliyopita ndani ya bajeti hayamo kwenye hesabu hiyo.

Mfano mzuri ni mabasi ya bure. Yeye na Seneta Michael Gianaris walilisukuma suala hilo hadi likaingia kwenye bajeti ya 2023: njia tano, moja kila wilaya ya jiji, bila nauli ya dola 2.90, kuanzia Septemba 2023 hadi mwisho wa Agosti 2024. Abiria waliongezeka kwa takriban asilimia 30 siku za kazi na 38 mwisho wa wiki. Lakini wengi wa walioongezeka walikuwa abiria wa zamani waliopanda mara nyingi zaidi, na mwendo wa mabasi haukuboreka. Mpango haukuongezewa muda. Ugumu wake unajulikana: MTA, shirika linaloendesha mabasi na treni za jiji, ni la jimbo, si la jiji, na mapato ya nauli ni sehemu ya dhamana ya hatifungani zake, yaani mikopo yake kutoka kwa wawekezaji. Meya peke yake hawezi kufuta nauli. Mimi naunga mkono mabasi ya bure, lakini anayeyaahidi lazima aseme pengo la mapato hayo litazibwa na fedha zipi.

Katika makazi alidai mpangaji asitolewe bila sababu ya msingi. Sheria ilipita 2024 ikiwa imepunguzwa makali: ongezeko la kodi huweza kupingwa likizidi asilimia 10, au asilimia 5 pamoja na mfumuko wa bei, kiwango kipi kiwe cha chini. Wenye nyumba wadogo, wenye fleti zisizozidi 10 za kupangisha, wamesamehewa. Msamaha huo naona umeacha wapangaji wengi nje.

Kwenye umeme alipinga mtambo mpya wa gesi wa kampuni ya NRG pale Astoria, na Oktoba 2021 idara ya mazingira ya jimbo ilikataa kuutolea kibali. Mgomo wa kula wa siku 15 pamoja na madereva wa teksi, mwaka huo huo, ulihusu deni la leseni zao. Jimbo halikuwa na mamlaka hapo. Ni jiji lililokubali kudhamini mikopo hiyo baada ya kushushwa hadi dola 170,000. Polisi nao ni wa jiji. Mwaka 2020 alitaka bajeti yao ikatwe, kwa maneno makali ambayo mwaka 2025 aliyaombea radhi. Mpiga kura wa Astoria aliyemchagua au kumkataa kwa sababu hiyo moja alikuwa anapima jambo ambalo kiti chenyewe kililigusa kidogo sana.

Kwa mliojiandikisha New York: mchujo ni wa wanachama peke yao. Anayetaka kubadili chama, au kujiunga na chama hali alijiandikisha bila chama, ombi lake liwe limepokelewa kufikia tarehe 14 Februari. Likifika tarehe 15, mchujo wa Juni utampita.