Mnaomwambia mama akae tu, mnamuumiza

Juzi mama mdogo, anayeumwa magoti, katoka kliniki na diklofenaki, dawa ya maumivu, na kauli moja: "Uzee huo, mama. Pumzisha magoti." Hakuna aliyemwonyesha zoezi hata moja. Hasira haijaniisha hadi leo.

Goti lililosagika halitaki kukalishwa. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, haina mishipa ya damu. Inalishwa na ute wa kwenye kiungo, na ute huo huingia na kutoka goti linapokanyagiwa na kuachiwa. Mama akikaa kutwa, misuli ya paja inasinyaa, na ndiyo inayolishikilia goti. Ikilegea, goti linaelemewa, maumivu yanazidi, naye anazidi kukaa. Ndivyo mtu aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu anavyoishia kushikwa mkono kwenda chooni.

Mimi na mama mdogo tumeanzia kitini. Anakaa wima kwenye kiti kigumu, ananyoosha mguu mmoja mbele, vidole vikitazama juu, anakaza paja, anahesabu hadi tano, anashusha polepole. Kisha mguu wa pili. Siku za mwanzo goti linauma kidogo, na maumivu yanayotulia baadaye si dalili kwamba linaharibika. Likivimba au kuwa la moto, hapo aache zoezi, arudi kwa daktari.

Dawa sizikatai, kuna usiku bila dawa hakulaliki. Lakini diklofenaki ya kumeza kila siku, kwa mtu mwenye presha, bila kuulizwa habari za figo wala vidonda vya tumbo? Ya kupaka ipo, na kwa goti ndiyo ya kuanza nayo. Na wanaosema bamia inarudisha ute wa goti: ni mboga nzuri, tuendelee kuila, ila ute wake unaishia tumboni, haufiki gotini. Uzito nao una neno: kila kilo inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu wenye ugonjwa huu wa kusagika viungo, magoti na vinginevyo, walikuwa kama milioni 528, na asilimia 60 ni wanawake. Hao ni mama zetu, na wengine hawajafika hata hamsini. Wapo watakaohitaji kubadilishiwa goti, nakubali, lakini hata wao wanahitaji paja lenye nguvu kabla na baada ya upasuaji.

Na kama anatembelea bakora, aishike kwa mkono wa upande wa goti zima, si upande unaouma.