Tumtengenezee mzee nyumba yake kabla ya kumhamisha

Korosho zikilipwa vizuri, vijiji vya Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, hujaa mlio wa nyundo. Watu wanaezeka bati. Lakini zunguka nyuma ya nyumba hizo mpya utakuta kibanda cha miti na udongo, ukuta umebomoka, nyasi za paa zimeoza, na ndani yumo bibi au babu anayeishi peke yake. Mwingine haoni, mwingine kufika chooni ni shida. Ukiuliza, utaambiwa: "Huyo angepelekwa tu kwenye makazi ya wazee."

Sikubaliani na jibu hilo. Makazi ya Serikali, kama Nunge kule Kigamboni au Fungafunga mjini Morogoro, yamewasitiri watu wasio na mtu kabisa, nami nayaheshimu. Ila Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe inaitaka familia na jamii itangulie katika matunzo. Makazi yawe hatua ya mwisho. Huku kwetu watu wanaanza na ya mwisho.

Wazee wengi wenyewe hawataki kuondoka, na sababu yao ni nzito: mikorosho. Bibi mwenye miti yake michache anajua kwamba akipanda gari tu, msimu ujao kuna mtu atakuwa anaokota korosho zake. Wala si lazima awe mtu baki. Wamakonde, Wamakua na Wamwera kwa asili tunahesabu ukoo upande wa mama, kwa hiyo wapwa wana sauti kubwa kwenye mali ya mjomba au ya mama mkubwa. Ndiyo maana naona ni kosa afisa akiuliza tu, "Bibi, una watoto wangapi?" na akajibiwa hana, kisha akaandika kwamba hana ndugu. Aulize wapwa. Kama wanadai mikorosho, basi na matunzo yanawahusu.

Kwa mwenye mzee au mtu mwenye ulemavu aliyekwama, anzia kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, upate barua ya mtendaji, uende nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri. Yeye ndiye anayefanya tathmini: umri (mzee ni kuanzia miaka 60), afya, kipato, ndugu waliopo. Mwombe afike nyumbani aone paa kwa macho yake. Hapo hapo ulizia kitambulisho cha matibabu bila malipo kwa mzee asiye na uwezo, na kama kaya yake imo kwenye mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) wa kunusuru kaya maskini. Ikibidi kweli ahamie makazini, iandikwe mbele ya viongozi wa kijiji nani atatunza mikorosho yake na fedha zitamfikiaje. Asiondoke kabla ya karatasi hiyo.

Fedha ya kutengeneza vibanda hivi naiona kwenye ushuru wa mazao. Halmashauri zetu hukusanya asilimia 3 kwenye korosho, na mzee huyo huyo ameichangia miaka yote aliyokuwa na nguvu za kupalilia. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikitengwa kwa bati, misumari na posho ya jirani wa kumpikia na kumchotea maji, wazee wengi wangebaki kijijini kwao, karibu na makaburi ya ndugu zao, wakiamkiwa kila asubuhi na watu wanaowajua.

Kazi hiyo ifanyike kiangazi, kabla mvua za Desemba hazijamalizia kuta zilizobaki. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ukiitishwa wa kwenu, simama, wataje wazee wa kijiji wanaolala kwenye nyumba zinazovuja, na umtake diwani alipeleke jambo hilo kwenye bajeti ya halmashauri.