Kinyonga wa Kivu si wa Yemen

Balbu ya wati 100, inawaka mchana na usiku, shibiri moja juu ya kichwa cha kinyonga mwenye pembe tatu aliyekamatwa katika milima yetu wenyewe. Hicho ndicho nilichokikuta Jumapili kwa kijana mmoja wa Muhumba, mtaa wa hapa Bukavu, na hadi leo hasira haijaniisha. Mnyama amejibana kwenye kona ya sanduku la kioo, rangi imempauka, mdomo uko wazi. Nikauliza taa ni ya nini. Kijana akanijibu kwa adabu kabisa: "Yaya, huyu ni nyama ya Afrika, anapenda joto. Wazungu wote wanaweka taa."

Huyo kijana si mkatili. Ametumia pesa ambazo rafiki zake wangenunulia viatu. Amesoma, ametazama video usiku kucha, ameandika viwango vya joto kwenye daftari. Anampenda mnyama wake, naye anamuua polepole kwa kufuata maelekezo mazuri yaliyoandikwa kwa ajili ya mnyama mwingine.

Sisi tunaofuga vinyonga hapa Bukavu si wengi, na labda ndiyo maana tunagombana sana. Mmoja anasema kioo, mwingine anasema wavu. Mmoja anasema mnyunyizie maji saa sita mchana, mwingine anasema ni dhambi. Watu wamenuniana kwa sababu ya panzi! Na katika kelele hizo zote ni mara chache kumsikia mtu akiuliza swali la kwanza: ni kinyonga yupi?

Vinyonga wanaouzwa zaidi Ulaya na Marekani ni wawili. Kuna yule wa Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, mwenye upanga mrefu wa mfupa juu ya kichwa, na kuna yule wa rangi nyingi wa pwani za Madagaska. Hao ndio walioandikiwa karibu kila mwongozo unaozunguka kwenye simu zetu. Wa Yemen anaweza kuota joto la nyuzi 30 na zaidi akafurahi. Haya, yeye ni wa Yemen. Wetu mwenye pembe tatu, yule ambaye wataalamu wanamwita Trioceros johnstoni, ni mtu wa milima ya Bonde la Ufa upande huu wa magharibi: Kivu, Rwanda, Burundi, Uganda. Mji wetu uko mita karibu 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto linashuka hadi karibu nyuzi 15. Aliyewahi kupanda Tshivanga, kwenye lango la hifadhi ya Kahuzi-Biega, alfajiri anajua kwamba bila koti huendi mbali. Huko ndiko kwao. Hiyo "Afrika inayopenda joto" iko wapi katika habari hii? Afrika ina theluji Ruwenzori na ina moto Danakil, na kinyonga hajui ramani ya bara, anajua tawi alilozaliwa juu yake.

Nenda ukamtazame asubuhi kwenye ua wa mtu yeyote ambaye hajakata miti yake yote. Jua likitoka utamkuta mweusi karibu kabisa, amejibapa ubavu mmoja kuelekea mwanga, anakusanya joto. Huo weusi una kazi, maana ngozi nyeusi inanyonya jua haraka. Akishapata kiasi chake, ubavu unarudi kuwa wa kijani, naye anaingia ndani ya majani taratibu. Joto likizidi anapauka ili asilinyonye tena, na likizidi zaidi anafungua mdomo ili lipungue. Siku nzima anafanya hesabu hiyo: tawi hili, jani lile, hatua mbili mbele, moja nyuma. Mwili wake hautengenezi joto kama wetu. Anaishi kwa kuchagua mahali.

Sanduku la kioo lenye balbu linamnyima hilo moja analohitaji kuliko yote. Halina mahali pa kukimbilia. Juu moto, chini moto, pembeni hewa imesimama. Halafu usiku, badala ya giza na baridi, balbu inaendelea. Kinyonga hulala giza likiingia na huhitaji kulala kweli. Baridi ya usiku inapunguza kasi ya mwili wake mzima, na wa milimani amezoea kupumzika hivyo kila siku ya maisha yake. Mnyime usiku huo wiki baada ya wiki, mwisho utamwona amefumba macho mchana. Wengi wanafikiri huo ni utulivu: "Amezoea nyumba." Kinyonga anayefumba macho saa tano asubuhi ni mgonjwa. Tafadhali shikeni hilo hata kama mtasahau mengine yote niliyoandika hapa.

Namfahamu baba mmoja wa Nguba, mtu mwema, ambaye umeme ukikatika usiku alikuwa anawasha jenereta ili kinyonga asipate baridi. Mafuta yenyewe bei yake mnaijua. Majirani hawalali kwa kelele, watoto wanasoma kwa kibatari ili mafuta yatoshe hadi asubuhi, na yote hayo ni kumlinda mnyama wa Kivu asiguswe na hewa ya Kivu. Nilimwambia, Papa, zima. Akanijibu kwamba mimi ni mtu wa kizamani, nafuga kwa mazoea. Hatukuzungumza tena hadi pale mnyama alipokataa kula, akanipigia simu mwenyewe. Tulimtoa tukamweka juu ya mpera uliozungushiwa wavu. Akaanza tena kula baadaye, lakini siwezi kuwaahidi kwamba kila aliyepikwa namna hiyo anarudi. Wengi hawarudi.

Sasa niwape haki yao watu wa taa, ingawa kinywa kinakuwa kizito. Kuhusu kalsiamu wana haki, na upande wa "mazoea" umekosea. Nimesikia mara nyingi: "Porini nani anamwekea unga?" Porini anakula wadudu wa aina nyingi mno, wenyewe wameshiba majani ya aina nyingi, na jua linampiga kila siku. Nyumbani unampa nyenje walewale kila wiki, na nyenje wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Matokeo yake tumeyaona: miguu inapinda, taya linalegea, ulimi unatoka na kushindwa kurudi. Kwa hiyo lisha wadudu vizuri kabla ya kumpa, na uwapake unga wa kalsiamu. Anayekosa wa dukani asage maganda ya mayai yaliyooshwa na kukaushwa hadi yawe laini kabisa.

Na taa yenyewe, ile ya UVB, miale isiyoonekana kama ile ya jua, haikubuniwa na wajinga. Bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, na bila hiyo vitamini kalsiamu inapita bure. Mtu wa Brussels mwezi wa Januari afanye nini? Atawasha taa, na anafanya vizuri. Lakini sisi! Sisi jua letu linatoka karibu saa zilezile mwaka mzima na halina bili. Mtoe nje basi. Tena msiniambie mmemweka dirishani. Kioo cha dirisha kinapitisha mwanga na joto huku kikizuia sehemu kubwa ya miale ile. Kwa hiyo aliye nyuma ya kioo anapata kuungua bila kupata faida.

Maji nitayamaliza haraka. Bakuli halina maana kwake. Anaramba matone yanayotembea juu ya majani. Wale wa "mchana" na wale wa "usiku" wanagombana bure, maana milima yetu imekwisha kuamua: ukungu usiku, umande alfajiri, majani yakauke kabla ya saa sita. Huko ng'ambo watu wananunua mashine za kutengeneza ukungu ambao sisi unatuingilia hadi chumbani.

Wawili katika tundu moja? Hapana. Madume yana pembe kwa sababu.

Kumshika mara kwa mara ili wageni wapige picha? Hapana vilevile.

Lakini kuna ugomvi mmoja ambao siwezi kuupitia juu juu, kwa sababu una makaburi: ugomvi wa mayai. Kuna kinyonga mwingine mwenye pembe tatu, wa Jackson, wa Kenya na Tanzania, mashuhuri sana kwa wafugaji wa ng'ambo. Dume lake na dume letu, mtu asiyezoea atawachanganya. Jike la Jackson linazaa watoto wakiwa hai. Jike letu la johnstoni linataga mayai. Basi mtu anasoma kwamba "kinyonga wa pembe tatu anazaa", anamwona jike lake limevimba tumbo, anasubiri watoto. Jike linaanza kuhangaika, linashuka chini, linakwaruza sakafu ya sanduku. Linatafuta udongo wa kuchimba. Chini kuna gazeti, au zulia la plastiki, kwa sababu mwongozo ulisema usafi. Jike linayabana mayai tumboni hadi linakufa.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba wabishi wa pande zote mbili wana ushahidi. "Mimi wangu alizaa, niliona kwa macho yangu!" Kweli, inawezekana. Katika milima hiihii kuna vinyonga wadogo wasio na pembe, ellioti na rudis, ambao wanazaa watoto hai. Aliyeona ameona, na aliyezika jike lenye mayai amezika. Wanaitana waongo mbele ya watu, na kumbe kila mmoja anazungumzia mnyama wake. Hata wataalamu wameteleza hapo: kinyonga wa misitu ya Itombwe, hapa hapa Kivu Kusini, alihesabiwa miaka mingi kuwa sawa na ndugu zake wa milima mingine, hadi mwaka 2017 alipoandikwa kuwa spishi yake mwenyewe. Ikiwa watu wa maabara walihitaji muda wote huo, sisi tunapata wapi ujasiri wa kusema "kinyonga ni kinyonga"?

Najua kuna watakaoniandikia kwamba ugomvi wote huu ungeisha tukiwaacha porini. Nawasikia. Karibu vinyonga wote wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuwasafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa, na wanaowajaza kwenye makatoni kuwavusha mipaka sina neno la kuwatetea. Ndani ya hifadhi kama Kahuzi-Biega usiguse hata jani. Isitoshe, anayekamatwa porini anakuja na minyoo na hofu, na wengi hufa mapema wakiwa mikononi mwa mtu. Mimi mwenyewe nampenda zaidi yule anayekaa juu ya mti wa avoka katika parseli, anakwenda na kurudi apendavyo, kuliko yule wa tunduni. Lakini katika mitaa yetu kinyonga akionekana anapigwa mawe. Watu wanaamini ana sumu, wanaamini analeta msiba. Sumu hana hata tone. Mtoto aliyemwona kwa jirani anayemfuga vizuri, akamtazama jinsi macho mawili yanavyozunguka kila moja upande wake, huyo harushi jiwe tena. Nimewaona watoto hao Kadutu, wanawakaripia wakubwa wao. Kwa sababu hiyo sitasema wafugaji wote waache. Nasema anayefuga amjue anayemfuga.

Kijana wa Muhumba alizima balbu nilipokuwa palepale, ingawa kwa shingo upande. Juu ya wavu bado tunabishana. Yeye anaogopa paka, na paka wa mtaa ule kweli ni tatizo. Basi wavu wa matundu madogo, fremu ya mbao, kivulini nusu na juani nusu, majani mengi katikati. Seremala yeyote anaweza kuitengeneza.

Na wewe mwenye jike lenye tumbo kubwa ambalo siku hizi linashuka chini na kukwaruza: acha kusoma. Chukua ndoo pana, jaza udongo wenye unyevu uliochanganywa na mchanga, kina cha shibiri moja na nusu, ushindilie kidogo ili shimo lisibomoke, uweke ndani ya tundu leo kabla ya jioni, kisha ondoka hapo umwache peke yake. Wakati anachimba asione mtu. Akihisi anatazamwa anaweza kuacha katikati.