Kadi Haijafa, Imekosa Draiva Tu

Juzi mpwa wangu alitoka Luthuli, ule mtaa wa mafundi na vifaa vya umeme jijini Nairobi, amebeba kompyuta begani, uso umemshuka. "Mjomba, fundi amesema kadi imekufa. Ati ninunue nyingine."

Kadi yenyewe ni ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini: GeForce GT 730. Kosa lake? Skrini imekwama kwenye 1024 kwa 768, maandishi yamevimba. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Kadi iliyokufa mara nyingi hukuachia skrini nyeusi au mistari ya rangi rangi. Hii ilikuwa hai, ikijikongoja na draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) ya dharura, ile Microsoft Basic Display Adapter.

Shida ya GT 730 ni kwamba jina ni moja lakini chipu si moja. Kuna zenye chipu ya kizazi cha Fermi na kuna zenye ya kizazi cha Kepler, na draiva zake za mwisho ni tofauti. Ukifuata jina la kwenye boksi unaweza kupakua isiyo yake, ikatae kuingia, na fundi mwenye haraka akatoa hukumu hapo hapo. Na jibu limo ndani ya mashine! Tulifungua Device Manager, tukaingia Properties, kisha Details, tukachagua Hardware Ids, yaani namba za utambulisho wa kifaa. VEN_10DE, hiyo ni NVIDIA, kampuni ya chipu yenyewe. DEV_0F02, hiyo ni Fermi. Ingeandikwa 1287 ingekuwa Kepler, nasi tungetafuta draiva za familia ya 470.

Kwa Fermi tulichukua 391.35 ya Machi 2018, kutoka tovuti ya NVIDIA yenyewe. Zile programu zinazojitangaza kukutafutia draiva, usiziguse kabisa. Bando lilikwenda, lakini skrini ilizima kidogo, ikarudi 1920 kwa 1080, herufi nyembamba, safi. Kijana alisogea karibu akanyamaza.

Sawa, nakubali: draiva hiyo haipati tena viraka vya usalama, na haitaiweza michezo mipya. Lakini huyu anasomea uchoraji wa ramani za nyumba, na pesa za kadi nyingine zingetoka kwenye nauli yake ya chuo. Mafundi wangu, nawaheshimu, mmetuokolea mashine nyingi. Tafadhali someni hizo herufi nne za baada ya DEV_ kabla ya kumvunja mtoto wa watu moyo.

Yeye ameshaziandika kwa maka ndani ya kifuniko cha kompyuta: 0F02, 391.35.