Kontena Natoa, Mkono wa Droni Umenishinda

Mimi riziki yangu ni klaring, kazi ya kutoa mizigo bandarini. Nipe karatasi za kontena la futi 40 lililolala Kilindini, nitakwambia limelala kwa sababu gani na ni nani hashiki simu. Nimetoa matrekta. Nimetoa vigae vya msalani vya kwenda Kampala. Mwaka mmoja nilitoa kontena zima la farasi wa plastiki, wale wa watoto kupanda na kubembea, mamia ya farasi, wote wanacheka. Mizigo ya bandari hii inafika Uganda, Rwanda, Sudan Kusini, hadi Kongo huko ndani. Sasa niambie wewe: mkono mmoja wa droni, plastiki tupu, urefu wake haufiki futi, nautafuta mwezi wa nne huu. Mfinyanzi hulia gaeni, wazee walisema. Mimi hata hilo gae silioni.

Droni yenyewe ni kizee, sikatai. Niliinunua mwaka 2016 kwa mzungu mmoja wa Mtwapa aliyekuwa akifungasha kurudi kwao Ujerumani. Ni zile za kuunga mwenyewe, fremu ya 450, yaani kutoka mota ya kona hii hadi mota ya kona inayoielekea ni milimita 450. Mikono minne, miwili myeupe na miwili myekundu, imebanwa katikati ya mabamba mawili kama nyama ndani ya mkate. Bamba la chini ndilo lenye njia za umeme, waya zote zimelehemiwa pale. Si kama hizi za siku hizi zinazokunjika zikaingia mfuko wa kanzu. Hii ukipanda nayo matatu unalipia viti viwili. Mama watoto alipoiona mara ya kwanza aliuliza, "Baba watoto, hii feni mbona haina kifuniko?"

Ikakaa uvunguni miaka minne, maana sheria ilikuwa haieleweki, mpaka kanuni za droni zilipotoka 2020. KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wakasema sajili, usipande zaidi ya futi 400, na usimkaribie mtu kwa mita 50. Mita 50 bila mtu! Mombasa! Pale Majengo ukijinyoosha kupiga miayo umeshamzaba kofi jirani. Na uwanja wa ndege uko Port Reitz hapo, nako usisogee. Kwa hivyo kila Jumapili nikawa nakwenda kuirushia shambani kwa ami yangu, Rabai. Ami hukaa chini ya mwembe na bakora yake, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, na mvi hizo?"

Huko ndiko msiba uliponifika. Mkono haukuvunjika kwa uzee, aliniponza kunguru. Hawa kunguru wetu wa Kihindi wenye shingo ya kijivu, wale ambao mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori, ilitangaza mpango wa kuwaondoa milioni moja. Wangu bila shaka alikuwa wa milioni moja na mmoja. Alikuja kwanza peke yake, akaizunguka droni, akaikagua kama afisa wa forodha, akaenda zake. Nikasema yamekwisha. Kumbe alikwenda kuita ukoo. Wakarudi kama sita hivi, kelele kama watu wanaogombania kushuka feri ya Likoni, na mimi kwa kihoro nikavuta kijiti cha rimoti upande sio (nakiri hapa, lakini ukimwambia mama watoto nitakana). Droni ikaenda kuukumbatia mnazi. Mota salama, propela mbili zimekatika, na hizo si neno, propela ninazo tele. Lakini mkono mmoja mwekundu wa nyuma umekatika shinani, pale pale skrubu zinapoingilia kwenye bamba. Ami akasema, "Inna lillahi." Kisha akaomba chai.

Jumatatu nikaanza Digo Road. Duka la kwanza: "Droni? Iko!" Kijana akapanda ngazi, akashuka na kindege cha watoto kinachowaka taa na kuimba. Nikamwambia nataka mkono. "Mkono tu?" Mkono tu. Akanitazama kama mtu aliyeingia buchani kuulizia kwato za ng'ombe aliyechinjwa mwaka jana. Duka la pili: "Hiyo ni Nairobi, Luthuli." La tatu: "Nairobi." La nne kijana akanisikiliza vizuri, akauliza urefu, akauliza rangi, akaandika daftarini, moyo wangu ukafunguka. Halafu akafunga daftari. "Hiyo, mzee wangu, utaipata Nairobi."

Hapo ndipo ninapopandwa na damu. Hicho cha Nairobi kimepita wapi? Kimeshushwa hapa! Kimepakiwa treni hapa! Pengine hati zake nimezigonga muhuri mimi kwa mkono wangu huu! Kimetupita puani, sasa nipande basi usiku kucha nikakifukuze?

Nikapiga simu Nairobi. "Iko nyeusi, boss." Nikamweleza kwa upole kwamba rangi si urembo. Myeupe iko mbele, myekundu iko nyuma, kwa sababu droni ikishapanda juu inakuwa nukta, na rangi ndiyo inayokwambia uso wake umeelekea wapi. Ukikosea, unaisukuma iende, yenyewe inakuja kukutafuta wewe. "Basi paka rangi," akasema. Na matundu ya skrubu? Maana fremu hizi zimeigizwa na kila mwenye kiwanda, na kila aliyeiga alisogeza tundu kidogo kwa hiari yake. "Utatoboa tu, boss." Nikakata simu.

Nikageukia mafundi, na kwa mafundi Mombasa hatujambo. Wa kwanza, fundi wa tuktuk pale Mwembe Tayari, alisema kazi ya dakika mbili. Akapasha waya moto, akaishona ile plastiki kama anavyoshona bampa. Ikashika kweli. Ila imeshika imepinda, na mota ikiinama hata nyuzi chache tu, droni inaanza kujizungusha yenyewe. Ikapanda mita moja ikizunguka kama mwali ngomani. Tukaishusha kwa kuirushia leso.

Wa pili alikuwa seremala wa Mji wa Kale, bingwa wa milango ya nakshi. Huyu nampa heshima zake. Alipima, akakuna kichwa, akanitengenezea mkono wa mti, matundu yote mahali pake, na kwa mapenzi yake mwenyewe akachonga na ua juu. Kazi safi ya kuweka kabatini. Lakini uzito! Mchi wa kinu. Mota tatu zinainua droni, ya nne inainua mlango. Nilipoizima, mota ile ungeweza kuchomea mshikaki.

Wa tatu ni kijana wa mtaani kwetu anayesoma chuo, ana printa ya 3D. Nilimpelekea mkono mmoja mzima kama kielelezo, baada ya siku mbili akaniletea wangu: mwekundu, mwepesi, matundu yamelingana. Nilimbariki yeye na wazazi wake. Nikauweka juu ya dashibodi, nikaingia ofisini. Sasa, plastiki ile huitwa PLA, nayo huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Gari limefungwa vioo, Februari, adhuhuri, kaskazi imesimama. Nilipotoka mkono umejilaza kwenye dashibodi kama paka aliyeshiba samaki. Nikampelekea. Akaupindua pindua, akasema, "Mzee, ungeniambia kwamba utakaa juani." Juani! Mombasa! Alidhani naishi ndani ya friji?

Mama watoto, ambaye mpaka hapo alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kwake ni kwa hesabu, akasema, "Nunua mpya basi upumzike." Hajui. Fremu si mkono tu. Nimeshalehemu, nimeshasawazisha, kila waya naijua kwa jina. Na mtu akivunjika mkono hatumbadilishi mtu.

Nikaagiza Uchina. Mkono mmoja, shilingi 600, na usafiri shilingi 900, yaani nauli imeushinda mzigo wenyewe. Nikawa naufuatilia kwenye simu kila asubuhi kabla ya mahamri: umeondoka Shenzhen. Umeondoka Shenzhen. Umeondoka Shenzhen tena, sijui ulirudi kufanya nini. Ukapanda ndege, ukashuka Nairobi, ukapanda basi ukaja kwetu. Mimi mtu wa bandari, mzigo wangu umekuja kwa basi. Nilipokwenda kuuchukua, karani akaniuliza kama ninajua taratibu za kutoa mzigo.

Nikafungua bahasha palepale. Mwekundu. Matundu yanalingana. Nikataka kulia. Nikaufikisha nyumbani, nikauweka sambamba na wenziwe: mfupi. Mfupi kwa sentimita sita. Wamenitumia mkono wa fremu ya 330, mdogo wake na hii yangu, sura moja kama mapacha waliopishana chakula. Droni imesimama mezani inachechemea.

Nikamwandikia muuzaji. Akajibu haraka, kwa adabu, na kikatuni cha uso unaocheka: ongeza mitatu, rafiki, yote italingana. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Nikifanya fremu yote 330, mota na mota jirani zitaachana inchi tisa na kidogo, na propela zangu ni za inchi 10. Zitapigana visu kabla hazijapaa. Kwa hivyo ninunue na propela za inchi nane, na zile tele nilizo nazo nizikaangie viazi karai. Nikamkatalia. Akasema sawa, nipigie picha ule mkono wa zamani uliovunjika, weka na rula kando, tukutumie wa urefu sawa bila malipo.

Bila malipo! Nilipanda na vipande vyangu viwili vyekundu juu ya paa kwenye mwanga mzuri, nikavipanga ukutani vikakutana kama vilivyokuwa siku za uzima wao. Rula sina. Nikashuka kuchukua kwenye mkoba wa shule wa binti yangu, nikagombana naye kidogo kuhusu kurudisha, nikapanda tena.

Kipande kimoja hakipo. Nikatazama chini, nikatazama kwa jirani. Kwenye mwarobaini wa jirani kuna kiota, umejua cha nani, kimesukwa kwa waya za nguo na vijiti, na katikati ya vijiti kuna kitu chekundu. Mwenyewe amekaa tawi la juu, shingo ya kijivu, ananikagua.