Pima Maji ya Marehemu Iliyonishitaki kwa Mwenyekiti

Hajji alikuwa bado ananidai uvumilivu. Nilimpigia lipu na sakafu, salio halijatoka, na kila nikipita ni "kesho, inshallah". Siku moja akaacha kusema kesho. Akasema nyumba imepinda, na shahidi anaye.

Shahidi alitoka ndani ya sanduku la mbao. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa reli Nairobi, na shirika la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika 1977 alirudi Tororo, Uganda, na watoto, magodoro na lile sanduku. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama alipewa au alijipa. Ndani mna pima maji, chuma kizito cha inchi 15, juu yake kioo chenye povu linalokaa katikati pakiwa sawa. Hajji akakilaza kwenye sakafu yangu, povu likakimbilia upande mmoja likagoma huko. Kwenye kizingiti cha dirisha, likakimbia. Kwenye meza ya Hajati, likakimbia.

Mtu mwingine angekishuku kile chuma. Hajji aliishuku Tororo nzima. Kufika alasiri alikuwa ameshapima kaunta ya duka la jirani, meza ya muuza chapati na ngazi za msikiti, na vyote vimekutwa na hatia. Imamu alimwomba kwa upole aende akapumzike. Mimi nikaitwa kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji.

Nilikwenda na mzee mmoja fundi wa lezi, mashine ya kuchongea vyuma. Kijana wa skrapu naye alifika na mizani yake, hakuitwa na mtu, alisikia tu kuna chuma.

Mzee hata hakuitazama nyumba. Alipangusa kutu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akasoma: Starrett, Athol, Mass., namba 199. Hajji akashangaa. Yeye kwenye kutu alikuwa ameona ATHO tu, akajua ni Athumani, rafiki wa baba yake, na alikuwa ameshamwombea rehema.

"Hajji, hiki si cha nyumba," mzee akasema. "Hiki ni cha kulaza mashine. Kitanda cha lezi kikijipinda kidogo tu, shafti inatoka nene huku, nyembamba kule. Mstari mmoja hapa kwenye kioo ni milimita 0.04 hivi kwa mita. Pima maji ya huyu mwashi, ikiwa nzuri, inaridhika na nusu milimita."

"Basi changu ni kikali zaidi!"

"Kikali mno."

Akachana karatasi kwenye daftari la mwenyekiti, akaisukuma chini ya ncha moja. Povu likahama. Akaitoa, akashika ncha ile kwa kiganja, tukangoja. Povu likaanza kuufuata mkono wake, maana chuma kikipata joto upande mmoja kinajikunja. Mwenyekiti akasogeza kikombe chake cha chai mbali, asije akahusishwa.

Kisha ukaja mtihani wenyewe. Mzee alichora kwa chaki mahali kilipolala mezani, akasoma: povu liko upande wa mlango. Akakigeuza kichwa kuwa mkia, palepale. Kama kingekuwa kizima, povu lingerudi upande wa mlango. Likaenda ukutani.

"Kwa hiyo shahidi mwenyewe amepinda?" mwenyekiti akauliza, kalamu juu.

"Skrubu yake imelegea, mheshimiwa."

Akaikaza, akakigeuza na kukigeuza mpaka pande zote zikasema neno moja. Tukarudi nyumbani kwa Hajji, kikalazwa sakafuni. Povu likakimbia vilevile! Hajji aliruka kama kijana wa Simba aliyeona bao, na mimi nikahisi salio langu linaondoka. Ndipo Hajati akatokea jikoni na ufagio.

"Si wewe uliyemwambia ainamishe, maji ya deki yatoke mlangoni yenyewe?"

Kimya. Kijana wa skrapu ndiye aliyekivunja, akataja bei yake kwa kilo. Mzee akamkatiza: kioo kizima, sanduku lake lipo, uso wa chini haujaliwa na kutu, bei imekaa hapo. Kioo kikipasuka, ndipo kinakuwa cha mizani. Marekani hata kilichotumika watu hukinunua kwa mamia ya dola.

Hilo neno dola hakupaswa kulitamka. Hajji alifunga sanduku akalikalia. Mzee akajaribu kumweleza kuwa hapa Tororo mnunuzi ni yeye, na labda mwingine mmoja, na wote wawili wanalipwa kwa shilingi. Hajji akasikia dola tu. Akapendekeza, bado amekalia sanduku, kwamba salio langu anilipe kwa nusu ya pima maji, nusu nyingine ibaki urithi.

Mwenyekiti akaandika kwamba nilipwe fedha taslimu kabla ya Ijumaa, akagonga mhuri. Watu walipoanza kutawanyika akamvuta Hajji pembeni na kumuuliza kama anaweza kuazimwa kile chuma kwa saa moja tu: kuna meza ya pool kwenye baa fulani inayomla hela kila jioni.