Wacheza Dansi Ndio Walioipandisha Soul Makossa

Kila ninapokuta historia ya disko inayoanzia Marekani na kuishia huko huko, najiuliza Manu Dibango, mpiga saksafoni wa Kameruni, kawekwa wapi. Kwangu mimi Soul Makossa, wimbo wake wa mwaka 1972, ni nguzo ya muziki ule, wala si pambo.

Na ilianza kama nyongeza tu. Kameruni ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, Dibango akarekodi wimbo wa mashindano, na Soul Makossa ikajaza upande B wa santuri. Wenyeji walitolewa na Kongo-Brazzaville katika nusu fainali, na wimbo wa upande A ukasahaulika.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi. DJ David Mancuso aliiokota nakala katika duka la santuri la watu wa visiwa vya Karibi huko Brooklyn, akaipiga kwenye The Loft, sherehe zake za dansi jijini New York, watu wakapagawa. Mtangazaji Frankie Crocker akaipeleka redioni, kwenye kituo cha WBLS cha New York. Wasikilizaji wakaisaka madukani wakaikosa, hadi wanamuziki wengine wakakimbilia kurekodi matoleo yao. Ndipo kampuni ya rekodi ya Atlantic ikapata haki za kuitoa Marekani, na mwaka 1973 Soul Makossa ikafika nafasi ya 35 kwenye Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani. Kampuni ilikuja mwisho kabisa! Waliokwisha kuamua ni watu waliolowa jasho ukumbini.

Isikilize tena kwa spika nzuri. Besi na ngoma vinashika mdundo na haviuachii; saksafoni inaingia, inatoka, inarudi kwa kishindo. Dibango haimbi sana, anazungumza kwa sauti nzito ya chini, akilikatakata neno makossa, jina la muziki wa dansi wa Kameruni, mpaka nalo linageuka ngoma. Hakulainisha chochote ili kuwapendeza watu wa New York.

Mwaka 1982 Michael Jackson alikichukua kibwagizo hicho cha makossa, akakigeuza kidogo na kukiweka mwishoni mwa Wanna Be Startin' Somethin'. Dibango akadai haki yake, wakamalizana nje ya mahakama. Mwaka 2007 Rihanna akakirudia katika Don't Stop the Music, na 2009 mzee akalazimika kwenda mahakamani Paris. Inaniuma kwamba mtu wa hadhi yake alidai haki ya kazi ile ile mara mbili.

Dibango alifariki Machi 2020 kwa Covid-19. DJ anayepiga ule wa Rihanna, naomba aunganishe na Soul Makossa papo hapo, nzima, bila kuikata.